Dalziel: jina la Uskoti lenye Z isiyosikika

Ukiingia kwa ndoa katika ukoo wa Kiskoti, ipo siku mtoto atakuuliza jina lake la ukoo lilitoka wapi. Wanangu ni akina Dalziel kwa baba yao, na tangu wakiwa chekechea kila mwalimu, nesi na ofisa wa uhamiaji amelisoma jina hilo kivyake. Nimekaa sana na kumbukumbu za jina hili hapa Glasgow, na niliyojifunza yatamfaa yeyote ambaye nyumbani kwake kuna jina la Kiskoti lisilo la kawaida.

Kwanza sikiliza linavyotamkwa na wazee wa ukoo wenyewe. Wakwe zangu husema "Di-el", mkazo ukiangukia sehemu ya pili. L ya kwanza haisikiki, Z haisikiki. Chanzo chake ni herufi ya zamani ya Waskoti iliyoitwa yogh, yenye umbo kama tarakimu 3 na sauti iliyokaribia Y yetu. Uchapaji ulipofika Uskoti, wachapaji hawakuwa na herufi hiyo katika seti zao za herufi za madini ya risasi, wakaweka Z kwa sababu maumbo yalifanana. Ndiyo maana Menzies kwa Waskoti wengi bado ni "Mingis", na ngome ya Culzean kule Ayrshire inaitwa "Kalein". Kwa hiyo Dalziel, Dalyell, Dalzell na Dalzel ni jina lile lile lililopita katika mikono ya makarani tofauti. Anayetafuta kwa tahajia moja tu atawaacha nje ndugu wengi.

Pili, tafuta ardhi. Majina mengi ya Kiskoti ya aina hii yalianza kama majina ya mahali. Dalziel ilikuwa parokia ya kale ya Lanarkshire, kando ya mto Clyde, palipo sasa mji wa Motherwell. Nyumba kuu ya Dalzell bado imesimama pale, na kiwanda cha chuma alichokianzisha David Colville miaka ya 1870 kilibeba jina hilo hilo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba limetoka katika Kigaeli: dail, konde la bondeni kando ya mto, na geal, nyeupe. Mwaka 1288 Hugh wa Dalzell alikuwa sherifu wa Lanark. Huyo alikuwa bwana wa ardhi, lakini hata mpangaji aliyehama shamba hilo angeweza kuitwa kwa jina la alikotoka. Usidhani basi kwamba kila Dalziel unayemkuta ni damu moja na mumeo.

Utasimuliwa pia hadithi ya mfalme Kenneth wa Pili. Ndugu yake alinyongwa na maadui, mfalme akatangaza zawadi kwa atakayethubutu kuuteremsha mwili, na mtu mmoja akajitokeza akisema "Nathubutu". Eti neno alilolitamka ndilo likawa Dalziel. Wasimulie watoto, ni hadithi tamu, na ndiyo sababu nembo ya ukoo ina mtu aliye uchi na kaulimbiu ya "I Dare". Ila waambie ni ngano. Jina la konde lilishika watu kwa njia ya kawaida kabisa.

Kuhusu nembo, tafadhali usitoe pesa kununua "nembo ya jina lako" katika maduka ya watalii ya Edinburgh ukiamini ni mali ya familia. Kwa sheria ya Uskoti nembo kamili ni ya mtu mmoja aliyepewa, si ya jina. Inasimamiwa na Lord Lyon, ofisa mkuu wa nembo wa Uskoti, mwenye mahakama yake, na rejista rasmi ilianza kwa sheria ya mwaka 1672. Mwanaukoo wa kawaida anaruhusiwa kuvaa beji ya mkuu wa ukoo iliyozungushiwa mkanda wenye bizimu, basi.

Jina hili halijawahi kuenea. Majina yanayoongoza Uskoti ni Smith, Brown na Wilson. Dalziel utalikuta zaidi Lanarkshire na Dumfriesshire. Waliolitangaza ni wachache, na mama mwenye watoto Waafrika anapaswa kuwajua wote. Jenerali Tam Dalyell wa nyumba ya the Binns aliapa kutonyoa ndevu baada ya mfalme Charles wa Kwanza kukatwa kichwa mwaka 1649, akaenda kumtumikia mfalme wa Urusi, na mwaka 1681 akaunda kikosi cha farasi cha Scots Greys. Waskoti walioasi kwa ajili ya kanisa lao, aliowaponda katika vita vya Rullion Green mwaka 1666, walimkumbuka kwa damu. Thomas Kennedy Dalziel, daktari mpasuaji wa Glasgow, aliueleza mwaka 1913 ugonjwa wa utumbo ambao baadaye uliitwa Crohn.

Halafu yuko Archibald Dalzel. Alifanya biashara ya watumwa Afrika Magharibi, akawa gavana wa ngome ya Cape Coast, na mwaka 1793 akachapisha historia ya Dahomey, ufalme wa zamani katika Benin ya leo, yenye kuitetea biashara ile. Naumia kuliona jina la wanangu pale, lakini nimewaambia. Nimewaambia pia habari za John McEwen Dalziel, daktari aliyefanya kazi Nigeria ya Kaskazini na kukusanya majina ya mimea kwa Kihausa. Jina moja, watu wawili, bara moja. Mtoto anaweza kulibeba hilo akielezwa mapema na mtu anayempenda.

Ukitaka kuchimba ukoo wako mwenyewe, nenda kwenye tovuti ya serikali ya ScotlandsPeople. Kutafuta katika faharasa ni bure. Unalipia kuona picha ya rekodi yenyewe. Weka alama ya nyota mahali pa herufi zinazobadilika, au chagua utafutaji wa majina yanayokaribiana. Usajili wa lazima ulianza tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo utategemea rejista za parokia, ambazo zina mapengo.

Fuata sana upande wa wanawake. Kama ilivyo kwetu pwani, ambako binti wa fulani hubaki binti wa fulani hata akiolewa, kumbukumbu za Uskoti hutunza jina la mwanamke la kwao, mara nyingi hata kwenye jiwe la kaburi. Cheti cha kifo hutaja baba na mama wa marehemu, na mama hutajwa kwa jina la kwao. Hapo unapata ukoo wa pili.

Na ukibahatika kumpata babu au bibi aliyezaliwa, kuoa au kufa mwaka 1855, lipia cheti hicho kabla ya vingine vyote. Mwaka ule makarani walitakiwa kuandika mambo mengi mno, hata umri wa wazazi, walikozaliwa na walikofunga ndoa. Kazi iliwaelemea, na mwaka uliofuata maswali yakapunguzwa.