Maswali ya Wasomaji: Saa Mbili Ndani ya Stesheni Kongwe

SWALI: Ndugu Mhariri, katika safari yangu ijayo ya nje nitapitia miji yenye stesheni kongwe za reli ambazo, kwa nilivyosoma, zina maonyesho ya utamaduni. Kati ya treni moja na nyingine nitakuwa na saa mbili tu. Je, muda huo unatosha, na nianzie wapi?
– Msomaji msafiri

JIBU: Ndugu msomaji, jibu linategemea aina ya stesheni unayoikusudia. Zipo zilizogeuzwa kuwa makumbusho kabisa, kama Musée d'Orsay ya Paris, ambayo ilifunguliwa kama stesheni mwaka 1900, ikaachwa na treni za masafa marefu mwaka 1939 kwa sababu majukwaa yake yalikuwa mafupi kuliko treni mpya, kisha ikafunguliwa upya mwaka 1986 ikiwa na picha na sanamu badala ya abiria. Hiyo usiiendee kwa saa mbili. Utatoka na kiu. Zilizobaki ni zile ambazo bado zinapokea treni, na nadhani ndizo unazoziulizia.

Katika hizo, ushauri wangu ni kwamba usikimbilie chumba cha maonyesho kabla hujalitazama jengo lenyewe, kwa kuwa mara nyingi lenyewe ndilo onyesho kubwa kuliko yote. Ukiingia São Bento mjini Porto, Ureno, hakuna tikiti ya kukata wala mlango wa kuutafuta: kuta za ukumbi wa mbele zimefunikwa kwa vigae vipatavyo 20,000 vilivyochorwa na Jorge Colaço, na ukumbi huo ulizinduliwa mwaka 1916. Picha kubwa za buluu na nyeupe zinasimulia vita na wafalme, ikiwemo kutekwa kwa Ceuta, mji wa Afrika Kaskazini, mwaka 1415, lakini wageni wengi huishia hapo na kuusahau ukanda wa rangi nyingi ulio juu yake, unaoonyesha vyombo vya usafiri vya zamani hadi kufikia treni. Mimi ningeanza na ukanda huo, kwani ndio unaoeleza kwa nini picha zote hizo zimewekwa stesheni na si katika jumba la mfalme.

Stesheni ya Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 1914 kwa michoro ya Tatsuno Kingo, inahitaji utulivu zaidi. Ndani yake mna jumba la sanaa lililoanzishwa mwaka 1988, ambamo kazi za sanaa hubadilishwa mara kwa mara, lakini matofali mekundu ya awali yameachwa wazi ukutani, na baadhi ya mbao zilizopachikwa katikati yake zingali nyeusi kwa moto wa mashambulizi ya anga ya mwaka 1945. Sikushauri upite mbele ya ukuta huo ukielekea kwenye picha bila kusimama. Unapotoka, utapita kwenye roshani iliyo chini ya kuba la kaskazini, ambako unawaona abiria wakipishana chini yako.

Kuhusu saa, epuka asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kurudi kazini, maana atakayesimama katikati ya njia akitazama dari atasukumwa, na atakuwa amestahili. Hifadhi mizigo kwanza, kwa sababu sanduku la magurudumu halipandi ngazi za jumba la sanaa kwa urahisi. Uliza pia kama onyesho liko ndani au nje ya vizuizi vya tikiti, usije ukalipa nauli ili kuona kitu ambacho kingeonekana bure, na uthibitishe siku ambazo jumba hufungwa, kwani treni hazipumziki lakini majumba ya sanaa hupumzika. Katika saa zako mbili, toa nusu saa ya kulitafuta jukwaa la treni yako inayofuata.