Usigawe madodoso kwenye kikao cha DMO

Mleta mada, acha. Hayo madodoso ya "mtazamo wa waganga viongozi kuhusu utafiti katika afya ya msingi" usiyagawe kwenye kikao cha DMO, yaani mganga mkuu wa wilaya, Alhamisi. Unasema msimamizi wako kakushauri hivyo kwa kuwa "wote watakuwa sehemu moja, utaokoa nauli". Chai yangu imepoa nikisoma hiyo sentensi. Mimi niliambiwa maneno hayohayo, mpaka nashuku hawa wasimamizi wanakaririshwa darasa moja.

Niliyagawa, halmashauri moja hapa kanda ya ziwa, siitaji. DMO mwenyewe akasimama: "Kijana wetu anasoma masters, mjazieni vizuri." Mjazieni vizuri! Utafiti ulikufa palepale, mimi nimekaa nyuma natabasamu. Yalirudi yote kabla ya chakula cha mchana. Nikampigia msimamizi, akanipongeza. Mwitikio asilimia 100, nani kama mimi.

Usiku gesti nikayafungua. Utafiti ni muhimu: nakubali kabisa. Utafiti ufanyike hata zahanati: nakubali kabisa. Nilikuwa nimetega sentensi ya kinyume, "utafiti unawapotezea wahudumu muda wa wagonjwa". Hiyo nayo, nakubali kabisa. Mmoja hakuhangaika hata kuweka vema. Alichukua rula akashusha mstari mmoja wa wino wa bluu toka juu ya safu hadi chini, kisha akagonga mhuri wa zahanati na kusaini. Dodoso la siri, lenye mhuri!

Na simlaumu hata kidogo. Fomu imetoka kwa bosi, inarudi kwa bosi, karani yuko mlangoni na orodha ya mahudhurio. Bosi huyohuyo ndiye anayemuuliza kwa nini chanjo zimeshuka na kwa nini ripoti ya MTUHA, ile ya takwimu za huduma, imechelewa. Wewe ungeandika "utafiti ni usumbufu"? Ungeshika rula.

Sasa yule msimamizi aliyenituma huko ndiye aliyekuja kuniambia mbele ya jopo kwamba data zangu "hazina utofauti". Mbele za watu! Kana kwamba wazo nililiokota soko la samaki Kirumba. Nikarudishwa field, nikalipa ada ya mwaka wa ziada, pikipiki nikaiuza. Hadi leo naiona Igoma imepakia abiria wawili na gunia, najifanya naangalia simu.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote yapuuze ukitaka: kibali chukua huko juu, kwa RAS (katibu tawala wa mkoa), kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa DMO, na ile ithibati ya maadili usiiache nyumbani. Lakini maswali yako yasipite mkononi mwa bosi wa mtu unayemuuliza. Si kwa kugawa, si kwa kukusanya, si kwa "nitakusaidia kuwakumbusha kwenye grupu la WhatsApp". Hasa hilo la mwisho.

Niliporudi nilikwenda zahanati moja moja, mchana foleni ikiwa imekatika. Sikuuliza mtu "una mtazamo gani". Niliuliza: mara ya mwisho mtafiti alipokuja hapa, ilikuwaje? Ukiuliza hivyo tafuta kiti kabisa. Tabibu mmoja, yeye na muuguzi mmoja zahanati nzima, alinijibu huku anajaza rejesta. Walikuja wa kichocho, wakamchukua muuguzi awasaidie kupanga watoto, kliniki ya wajawazito ikamwangukia yeye. Majibu je? "Labda yako Ulaya." Mezani kwake palikuwa na rula. Sikuuliza.

Wengine waliniambia utafiti ni kazi ya hospitali ya Bugando na NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, sisi huku ni huduma. Wale wale walionikubalia kabisa kwenye karatasi! Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mstaafu, daktari msaidizi, aliyekuwa kazini wakati wa ule utafiti wa magonjwa ya zinaa hapa mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kama huujui, usome kabla hujaenda kokote: jamii 12, nusu yake vituo vya afya na zahanati zikaimarishiwa matibabu ya magonjwa hayo kwa kufuata dalili, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua huko kwa takriban asilimia 40. Ulichapishwa kwenye jarida la Lancet 1995, dunia nzima ikauzungumzia. Mzee hakuzungumzia Lancet. Alizungumzia dawa zilizokuwa zikifika, mafunzo waliyopewa, na msimamizi aliyepita kila mara kukagua bila kufoka. "Ule tuliupenda," alisema. Huo ndio mtazamo uliokuwa ukiutafuta, mkuu, na hakuna kisanduku cha kuuwekea vema.

Halafu hilo neno "waganga viongozi" kwenye kichwa chako, lifafanue mapema. Zahanati nyingi mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, ni tabibu, si daktari wa digrii. Ukihesabu wenye digrii tu utabaki na hospitali na baadhi ya vituo vya afya, kisha utasema unapima afya ya msingi. Jopo litakula nyama yako.

Uliuliza mengine pia. Lugha: Kiswahili, hata usijadili. SPSS, ile programu ya takwimu, na ukubwa wa sampuli atakujibu mwingine, mimi hesabu zile nililipia mtu. La posho nimelisahau ulivyoliuliza.

Alhamisi nenda kikaoni, jitambulishe, kula wali wao, omba namba za simu za wafawidhi wote. Bahasha ya madodoso iache nyumbani. Na msimamizi akiuliza, mwambie yamelowa kwenye pantoni.