Bosi wa zamani bado ananitawala

*Shikamoo Shangazi. Tangu mwaka jana naongoza timu ya watu saba. Kabla ya hapo nilikaa miaka minne chini ya bosi aliyekuwa akinifokea mbele ya wenzangu na kupeleka kazi zangu juu kwa jina lake. Niliapa sitakuwa kama yeye. Lakini sasa mtu akinihoji kwenye kikao nahisi ananidharau, namkatiza kwa ukali. Kila ripoti naipitia mwenyewe usiku. Wawili wameomba kuhamishwa idara. Mzigo huu nitautuaje?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa miaka hiyo minne. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nawe unashtuka kila anayekuhoji anapofungua mdomo. Huhitaji kumsahau yule bosi. Unahitaji kuacha kuwajibu walio chini yako majibu uliyopaswa kumpa yeye.

Anza na daftari, wiki mbili. Kila ukishtuka, andika siku hiyo hiyo mambo manne: maneno aliyoyasema mtu, neno kwa neno; mwili ulifanya nini; uliyapa maana gani; na ulijibu nini. Usichanganye la kwanza na la tatu, kwani hapo ndipo penye tatizo. "Kwa nini tumechagua tarehe hii?" ni swali. "Anataka kuniumbua" ni tafsiri yako, na imetoka ofisi ya zamani. Ukishaandika matukio sita au saba utaona yanafanana: pengine ni swali linaloulizwa mbele ya watu, au ni sauti ya aina fulani.

Sasa, kwa kuwa unajua kinachokutonesha, panga jibu lako kabla ya kikao, tena kwa sharti: "Mtu akinihoji mbele ya wengine, nitashusha pumzi taratibu, kisha nitamwambia, 'Hebu fafanua, ni wapi hasa panakutia shaka?'" Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, hiyo husaidia kuteremsha mapigo ya moyo. Nia ya jumla kama "nitakuwa mtulivu" haifui dafu mtu akishapandwa na hasira. Sharti lililofungwa kwenye tukio maalumu ndilo hukumbukwa, kwa sababu tukio lenyewe linakukumbusha.

La yule bosi nalo lina dawa yake. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker alianza kuchunguza katika miaka ya 1980 faida ya kuandika yaliyomuumiza mtu: dakika 15 hadi 20, siku tatu au nne mfululizo, bila kujali tahajia na bila kumwonyesha mtu. Utakapomaliza kila siku huenda ukajisikia vibaya zaidi kwa muda. Hilo ni la kawaida, kwa hiyo usiandike dakika tano kabla ya kikao. Walionufaika zaidi walikuwa wale ambao maandishi yao yalisogea, "kwa sababu" na "sasa naelewa" zikaongezeka siku hadi siku. Ukiona siku ya nne unarudia malalamiko ya siku ya kwanza, acha. Hapo unachochea kinyongo.

Kumsamehe? Si lazima sasa, na usikubali mtu akusukume. Msamaha wa kulazimishwa hurudi kama hasira, na wanaoipokea ni wasio na hatia.

Kuhusu ripoti za usiku: unaogopa kuibiwa au kuaibishwa tena, ndiyo maana hushiki kidogo, unashika zote. Chagua kazi moja ambayo ikiharibika itarekebishika ndani ya siku moja. Mkabidhi mtu mmoja, mwelewane matokeo yaweje na lini, na mpange ukaguzi mmoja tu katikati. Nje ya ukaguzi huo usiifungue. Usiku wa kwanza utawashwa mikono, vumilia. Kazi ikipelekwa juu, jina lake litangulie. Wiki ya tatu ongeza ya pili.

Wale wawili waite, kila mmoja peke yake. Taja tukio halisi: "Siku ile ulipouliza kuhusu bajeti nilikukatiza kwa ukali. Nilikosea." Kisha nyamaza umsikilize. Nakusihi, usimsimulie habari za bosi wako wa zamani. Wengi huteleza hapo: kuomba radhi kunageuka kuomba huruma, na mfanyakazi anaondoka akibeba mzigo wako juu ya wake. Usimwombe pia afute barua ya uhamisho. Huenda akaondoka vilevile, na ana haki hiyo.

Mazungumzo marefu ya miaka ile mpelekee rafiki asiye wa kazini, au mshauri nasaha. Na kama unaota majinamizi, kama matukio yale yanakujia kana kwamba yanatokea leo, au usingizi umekupotea kwa zaidi ya mwezi, usingoje daftari likusaidie. Mwone mtaalamu wa afya ya akili wiki hii, umpelekee na hizo kurasa za wiki mbili kama umeshaanza kuziandika.