Sonona isikurudie: maswali na majibu

Nimepatwa na sonona (maradhi ya huzuni nzito, depression) mara mbili. Sasa ni mzima, lakini naogopa. Nijitayarishe vipi? (Mama, Shela)

Andika mpango wako sasa, ukiwa mzima. Sonona ikirudi, hata kalamu hutaishika. Chukua ukurasa mmoja uugawe mara tatu: dalili zangu za mwanzo, nitakalofanya, nitakayemwambia. Penye dalili wengi huandika "nikijihisi vibaya", na hapo ndipo mpango unapoharibika, kwa kuwa hilo halipimiki. Andika kinachoonekana: "nimeamka saa kumi alfajiri siku tatu mfululizo na usingizi haukurudi", "sipokei simu za dada", "sijapika wiki nzima, nanunua mahamri tu". Mwombe mtu wa nyumbani aongeze zake. Mara nyingi wao huona kabla yako. Vitendo viwe vidogo na viwe na saa: kutembea ufukweni dakika 20 baada ya alasiri, si "kufanya mazoezi". Anza siku ile ile dalili ya kwanza inapojitokeza. Zikiendelea wiki mbili, nenda kituo cha afya na karatasi yako mkononi.

Nimepata nafuu, nina miezi miwili kwenye fluoxetine, dawa ya sonona. Niache? Na Ramadhani je? (Barani, Malindi)

Usiache. Muda huhesabiwa tangu dalili zilipokwisha, si tangu kidonge cha kwanza: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataja miezi 9 hadi 12, na aliyerudiwa mara kadhaa huenda akahitaji zaidi. Kuacha ghafla huweza kuleta kizunguzungu, hasira na usingizi wa kukatika, ukadhani maradhi yamerudi. Hupunguzwa polepole, wiki 4 kwa uchache, pamoja na aliyekuandikia. Ramadhani si tatizo: ni kidonge cha mara moja kwa siku, kimeze wakati wa daku.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, si daktari wa akili. Nitamsaidiaje mtu kujisaidia? (Matondoni)

Kazi yako ni kumfuatia, basi. Mtembelee mara 6 hadi 8, kama dakika 20 kila mara. Anza na karatasi ya wiki iliyopita: alipanga nini, alifanya nini? Kama hakufanya, usimgombeze. Kazi ilikuwa kubwa mno, ikate nusu. Msizungumzie dakani, pale ukumbini mlangoni, kila apitaye atasikia na kesho mtu hatakufungulia mlango.

Ile fomu ya maswali tisa ya kupima sonona (PHQ-9) huulizia wiki mbili zilizopita. Wengi hujibu ya leo tu, kwa hiyo mkumbushe. Kila swali ni 0 hadi 3, jumla haizidi 27. Akifika 10, mpeleke kituoni. Swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, lina hukumu yake: likipata hata 1, jumla iwe yoyote, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Akiwa na nia, asiachwe peke yake, na afike hospitali siku hiyo hiyo.

Mume wangu ni mvuvi. Kila msimu wa kusi, upepo ukichafua bahari, sonona humrudia. (Ngomeni)

Basi mpango uandikwe mwezi wa Machi, bahari haijachafuka. Kusi humnyang'anya pesa, na pia sababu ya kuamka. Mwekeeni saa ya kuamka isiyobadilika, na kazi ya asubuhi pamoja na wenzake: kushona nyavu, kukalafati chombo. Kama hutafuna miraa usiku, hiyo ndiyo inayomla usingizi, na usingizi ukienda, sonona hufuata. Akishindwa kuiacha kabisa, asiiguse baada ya adhuhuri.