Maswali ya Wasomaji: Nitashukuruje kwa uzazi mbele ya mwenzangu aliyefiwa na mtoto?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni Mwanglikana, ninaishi Dodoma. Wiki chache zilizopita nilijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji, na nilipoteza damu nyingi hata ndugu zangu wakakata tamaa. Ninatamani sana kwenda kanisani kumshukuru Mungu, lakini mambo mawili yananizuia. Kwanza, mama mkwe anasema nisikanyage kanisani kabla ya arobaini kwa kuwa bado sijatakasika. Pili, mama mmoja tuliyelazwa naye wodi moja, ambaye pia tunasali naye, alifiwa na mtoto wake saa chache baada ya kumzaa. Nitasimamaje mbele ya madhabahu na mwanangu mikononi huku yeye ameketi akinitazama?
Mzazi, Dodoma

JIBU: Amina, mama, na hongera sana kwa uzazi. Nitaanza na la mama mkwe, kwa sababu ndilo jepesi.

Torati, katika Walawi 12, ilimpa mama aliyezaa mtoto wa kiume siku 40 za kutakasika, na aliyezaa mtoto wa kike siku 80. Kwa hiyo anayetaka kukupimia kwa sheria ya Musa hawezi kukuruhusu hata hiyo arobaini itakapotimia, maana wewe umezaa binti. Arobaini anayoizungumzia mama mkwe wako ni desturi ya wazee wetu, nayo ina hekima yake: mzazi apumzike, anyonyeshe, apikiwe, asibebeshwe ndoo ya maji. Hata kliniki humfuatilia mama kwa wiki sita. Mtii basi katika hilo, hasa wewe mwenye kidonda cha upasuaji, na umshukuru kwa uji anaokupikia. Lakini kwamba huwezi kuingia nyumbani mwa Bwana kwa sababu umezaa, hilo si fundisho la Kanisa. Beda, mtawa na mwanahistoria Mwingereza, katika historia yake ya Kanisa la Uingereza aliyoikamilisha mwaka 731, ameandika jibu la Papa Gregori Mkuu kwa Agostino wa Canterbury, mmisionari aliyemtuma Uingereza, juu ya jambo hilihili: mama akiingia kanisani kushukuru hata saa ileile aliyojifungua, hana dhambi yoyote. Ni kweli kwamba Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha mwaka 1549 kiliuita utaratibu wa ibada ya mama aliyejifungua utakaso wa wanawake. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1552, jina likabadilishwa likawa shukrani ya wanawake baada ya kujifungua, na ndivyo lilivyobaki.

Sasa nije kwa mwenzako, na hapa ninakuomba usome polepole.

Sala yenyewe ya shukrani, kama ilivyo katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, haimtaji mtoto hata mara moja. Inamshukuru Mungu kwa kumwokoa mwanamke huyu, mtumishi wake, katika maumivu makuu na hatari ya kuzaa, kisha inamwombea aishi kwa uaminifu na aurithi utukufu wa milele. Walioiandika waliishi katika nyakati ambazo akina mama wengi walifia katika uzazi na watoto wengi hawakufikisha mwaka, nao walijua kwamba si kila mama angefika kanisani akiwa na mtoto mikononi. Pamoja na sala hiyo husomwa Zaburi ya 127, inayowaita watoto urithi wa Bwana, au Zaburi ya 116, ambayo ni wimbo wa mtu aliyezungukwa na kamba za mauti akaokolewa, na anayeuliza: “Nimrudishie Bwana nini kwa ukarimu wake wote alionitendea?” Kwa hali yako, mama, ningechagua ya 116. Wewe umetoka katika mlango wa mauti, na mwenzako pia alipita mlango huohuo.

Hofu uliyo nayo ninaiheshimu. Tunasoma katika 1 Samweli 1 jinsi Penina, aliyekuwa na watoto, alivyomchokoza mke mwenzake Hana, asiyekuwa na mtoto, mwaka baada ya mwaka, tena walipopanda kwenda nyumbani mwa Bwana, hata Hana akalia asile chakula. Shukrani zetu za siku hizi zinaweza kuwaumiza akina Hana bila sisi kukusudia: sare za kitenge, keki, mpiga picha, msafara wa kucheza hadi madhabahuni. Mariamu na Yusufu, walipompeleka mtoto Yesu hekaluni, walitoa sadaka iliyoruhusiwa kwa wasioweza kununua mwana-kondoo, yaani hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Shukrani yako haitapungua ukiivua mapambo.

Kabla ya yote, mtembelee mwenzako, au kama kidonda hakijakuruhusu, mtume mumeo na mama mmoja wa kanisani mnayemwamini. Usimwambie kwamba Mungu ana makusudi yake, wala kwamba atapata mwingine. Mpe nafasi ya kumtaja mtoto wake kwa jina kama alimpa, na kama analia, lia naye, maana Mtume Paulo ameagiza yote mawili katika mstari mmoja: “Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao” (Warumi 12:15). Kisha mweleze waziwazi kwamba unatamani kushukuru, na umuulize angependa iwe vipi. Huenda akataka kuwapo, huenda akapendelea kukaa nyumbani Jumapili hiyo. Lolote atakaloamua, lisihesabiwe kuwa ni wivu.

Mwone pia kasisi wako. Kama ibada ya Jumapili inaonekana nzito kwenu nyote, mwombe afanye shukrani yako siku ya kazi, watu wachache wakiwapo, mumeo akiwa amesimama kando yako. Na mweleze habari za mwenzako, ili naye aulizwe kwa faragha, bila kusukumwa, kama angependa kuombewa sala hiyohiyo siku atakapokuwa na nguvu. Imeandikwa kwa ajili yake pia.