Jiwe la kijani lilinila milioni kumi na moja

Mwaka 2017 mjomba alinipigia simu kutoka upande wa Mpwapwa: jembe limeibua mawe ya kijani shambani kwake, njoo haraka. Nilikwenda. Tukaokota jiwe moja, lile la kijani kuliko yote, tukalipeleka maabara. Majibu yakarudi asilimia 21 ya shaba. Usiku huo hakuna aliyelala.

Tukakata leseni ndogo, tukakodi kompresa, tukateremsha duara, yaani shimo la kuchimbia, hadi mita 14. Mita nne za juu zilikuwa kijani kweli. Chini ya hapo, mwamba mweupe usio na kitu, na shilingi milioni kumi na moja zimeishia humo.

Kwa hiyo ukinitumia picha ya jiwe la kijani, usishangae nisipokupongeza. Kwanza hakikisha ni shaba. Epidoti na kloraiti nazo ni kijani, na hazina shaba. Malakaiti, jiwe la kijani lenye shaba, ukiidondoshea asidi iliyozimuliwa inatoa povu. Ukitia msumari safi kwenye majimaji hayo ya asidi, msumari unajipaka rangi ya shaba. Hilo ndilo jambo rahisi. Gumu ni kwamba shaba ikipatwa na maji ya mvua huyeyuka, ikasafiri, ikaganda kwenye nyufa za mwamba mwingine kabisa. Sisi tulichimba mahali ilipopita.

Aliyenifungua macho ni rafiki yangu mjiolojia aliyewahi kufanya kazi Kolwezi, Kongo. Huko Katanga, alinieleza, wenyeji walichimba na kuyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Mbelgiji Jules Cornet kuja kuikagua miamba mwaka 1892. Kuigundua hakukuwa kazi: vilima vyenye shaba nyingi havioti miti, udongo wake ni sumu kwa mizizi, kwa hiyo vinaonekana kama vipara katikati ya msitu. Kampuni ya Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, ilikuta mashimo ya wazee yameshaonyesha njia.

Lakini mmoja wa migodi mikubwa ya huko leo, Kamoa-Kakula, haukuwa na kipara wala kijani. Uko kama kilomita 25 tu kutoka Kolwezi, mji wa wachimbaji, na watu walipita juu yake miaka mia moja. Sehemu kubwa imefunikwa na mchanga wa Kalahari, na karibu na uso wa ardhi shaba imeshaoshwa na maji. Tena iko kwenye mwamba ambao wengi hawakuutilia maanani: tope lililochanganyika na kokoto, lililoachwa na barafu zaidi ya miaka milioni 650 iliyopita. Shaba ya Katanga iliyozoeleka hukaa kwenye tabaka za chini zaidi, ambazo wajiolojia huziita kundi la Roan.

Wajiolojia wa Ivanhoe, kampuni iliyougundua mgodi huo, walijiuliza swali tofauti na letu: si kijani kiko wapi, bali shaba ingekamatwa wapi. Chini kuna mwamba wa mchanga mwekundu wenye kutu ya chuma. Maji ya chumvi yakipita humo hubeba shaba. Juu yake kuna tope lenye pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa. Maji hayo yakikutana na tope hilo, shaba inakamatwa pale pale kwenye mpaka. Basi wakaufuata mpaka. Sampuli za udongo kwanza, kisha uchorongaji, yaani kutoboa mwamba kwa mtambo, na mwaka 2008 Kamoa ikathibitika. Kakula, iliyo tajiri zaidi, ilionekana 2016, baada ya miaka minane ya kuchoronga jirani yake! Uzalishaji ulianza Mei 2021.

Kitu kilichonivutia zaidi ni mpangilio wa madini yenyewe. Chini kabisa, karibu na mpaka, kuna kalkosaiti, ambayo karibu asilimia 80 yake ni shaba. Ukipanda unakuta bonaiti, halafu kalkopairaiti yenye asilimia 34 hivi, mwisho pairaiti tupu. Anayejua mpangilio huo, akipata kalkopairaiti kwenye sampuli ya mchorongo anajua bado ateremke. Mimi ningefunga virago.

Mwamba wa Mpwapwa si wa Katanga, usije ukachorongea barafu shambani kwako. Nenda Taasisi ya Jiolojia, Dodoma, ununue ramani ya eneo lako kabla ya kukodi chochote. Chimba mitaro mifupi inayokatisha tabaka, na sampuli ikwanguliwe kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, pamoja na jiwe baya. Ile asilimia 21 yetu ilikuwa kweli, ila ya jiwe moja. Mwaka jana tulirudia hivyo kwenye mtaro wa mita tatu kando ya duara letu: asilimia 0.4. Mjomba aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaenda kupanda alizeti.