Gari Linamisi? Itafute Silinda Kwanza, Spea Baadaye

Hapa Pemba gari likianza kumisi, yaani injini kukatakata kwa sababu silinda haiwaki sawasawa, ushauri wa kwanza utakaopewa kituoni ni kubadilisha plagi. Ukibadilisha na hali ikabaki vile vile, utaambiwa koili, ile inayozalisha umeme wa plagi. Baada ya koili, kabureta. Na kila spea isiyopatikana Chake Chake lazima iagizwe Unguja au Gerezani, Dar es Salaam, ije na boti mpaka Mkoani, huku gari limelala na abiria wako wanapanda la mwenzako. Nimeendesha na kuzitengeneza Toyota za zamani za petroli kwa miaka mingi, LiteAce, TownAce na HiAce, na ninalotaka kukwambia ni moja: usitoe hela ya spea mpaka uijue silinda isiyofanya kazi, na ujue imekosa nini. Kazi hiyo inataka spana ya plagi, plagi moja ya akiba, plaizi yenye mpira na subira, basi.

Anza kwa kusikiliza. Liwashe gari, liache kwenye sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha nenda nyuma uweke kiganja karibu na mdomo wa ekzosi bila kuugusa. Pumzi ikikatika kwa mpigo ule ule, tena na tena, ipo silinda moja iliyokufa. Ikikatika ovyo, mara hivi mara vile, shaka iende kwenye vitu vinavyotumiwa na silinda zote: koili, waya wake wa katikati, rota inayozunguka ndani ya distribyuta (kigawa moto cha silinda), petroli yenye maji, au hewa inayopenya mahali.

Ipo na hali ya tatu, nayo ndiyo inayowachanganya wengi. Sailensa imetulia vizuri, lakini gari likijaa abiria na kuanza kupanda mlima linastukastuka. Sisi wa Pemba tuna bahati hapo, maana vilima vya njia ya Chake kwenda Mkoani hulifichua gari mapema. Ukikanyaga mafuta kwenye mlima, mgandamizo ndani ya silinda unapanda, na umeme unahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka mwanya wa plagi. Waya ukiwa umechoka, umeme huona njia rahisi ni kutorokea kwenye chuma cha injini. Kwa hiyo gari linalomisi mlimani tu, kagua kwanza njia ya moto, yaani umeme wa plagi, kisha filta ya petroli.

Sasa itafute silinda yenyewe. Kwenye vigari hivi injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo inua kiti na ufungue mfuniko. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, uuchomeke kwenye plagi ya akiba, na plagi hiyo uibane vizuri mwili wake ugusane na chuma cha injini, mbali na petroli yoyote. Washa, sikiliza kwa muda mfupi, zima, rudisha, nenda kwenye inayofuata. Silinda nzima ukiinyima moto, injini inalegea na kutetemeka zaidi. Silinda mbovu ukiinyima, hakuna kinachobadilika. Ndiyo hiyo.

Wapo mafundi wanaochomoa waya injini ikiwa inaunguruma na kuuacha unaning'inia. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Umeme ule unapita volti 20,000, na ukikosa pa kwenda unaweza kuua koili au ignita (swichi ya kielektroniki inayoiamrisha koili), vitu ambavyo vilikuwa vizima. Mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo asikaribie kabisa. Na kabla ya yote, nusa: ukisikia harufu ya petroli chini ya kiti, acha jambo hili mpaka uione inapovuja.

Ukishaijua silinda, toa plagi yake uisome. Nchani ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, moto na mafuta viko sawa. Ikiwa imelowa petroli, haipati moto. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi au moto dhaifu. Oili nyeusi inayong'aa inatokana na ringi za pistoni au sili za valvu. Plagi nyeupe iliyoungua inasema petroli ni kidogo kuliko hewa. Na ile iliyooshwa ikawa safi kupita wenzake inanitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu mara nyingi ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda.

Hapo badilishana, usinunue. Plagi ya silinda mbovu iweke kwenye silinda nzima, na ya nzima iweke kwenye mbovu. Ugonjwa ukihama na plagi, umeshamaliza. Usipohama, fanya hivyo hivyo kwa waya, maadamu urefu unaruhusu, na kila waya urudi kwenye zamu ya silinda yake, maana injini hizi nyingi za silinda nne zinawaka kwa mpango wa 1-3-4-2. Kimoja kimoja. Ukigusa viwili kwa pamoja hutajua kilichoponya. HiAce zilizotoka kuanzia mwaka 2004 zenye injini ya petroli hazina distribyuta, kila plagi ina koili yake, na hapo unabadilishana koili. Za dizeli hazina plagi za moto kabisa, na mabomba yake yana presha inayoweza kupenya ngozi. Mpelekee fundi wa pampu.

Mwenye malti mita apime ukinzani wa waya mmoja mmoja. Vipimo vya Toyota kwa injini nyingi za aina hii haviruhusu waya kupita kiloomu 25. Asiye nayo angoje usiku. Egesha pasipo na taa, inua kiti, washa injini, na rashia waya ukungu mwembamba wa maji kwa kichupa cha kupulizia, bila kuuweka mkono karibu. Waya uliopasuka utauona: uzi wa buluu unaruka kutoka kwenye mpira kwenda kwenye chuma, ukifuatana na mlio wa tik, tik.

Lakini kwetu visiwani mimi huanza na kifuniko cha distribyuta hata kabla ya waya. Hewa ya bahari ina chumvi, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, unyevu haukauki. Gari linaloamka linamisi asubuhi na kupona jua likishapanda, kwa asilimia kubwa ugonjwa wake uko hapo. Fungua kifuniko, kigeuze, kikagulie juani. Tafuta mstari mwembamba mweusi, mfano wa uliochorwa kwa penseli, kutoka kijiti kimoja cha chuma hadi kingine au kuteremka ukingoni. Huo ni mkaa, umeme umeshajichongea njia, na kuukwangua kwa msasa ni kuahirisha tu. Kifuniko hicho ni cha kubadilisha pamoja na rota. Ukiona kutu ya kijani kwenye matundu ya waya bila mstari wowote, safisha, kausha, rudisha.

Kama moto uko sawa, hewa na petroli hazichukui muda. Bana mipira ya hewa inayotoka kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) mmoja mmoja, pamoja na ule wa breki; ukibana mmoja na sailensa ikatulia, umepasuka huo. Petroli ya chupa ya njiani mimi huiacha itulie kwenye chombo kinachoonesha, niangalie kama kuna maji chini.

Kilichobaki ni kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, na hapo ndipo pa kuazima geji kabla ya kumsikiliza anayekutajia oveholi. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, moto wa koili na petroli vimekatwa, mafuta yamekanyagwa mpaka chini. Silinda zisipishane zaidi ya kilo 1 kwa sentimita mraba. Iliyo chini itie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu. Zikiwa mbili zinazopakana na zote ziko chini, gasketi ya silinda hedi imekatika katikati yao.

Ukilazimika kuagiza, usimwambie mtu wa dukani "kifuniko cha LiteAce" ukanyamaza. Mtumie namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, kama 5K au 7K, na picha ya kifuniko cha zamani ndani na nje, kwa sababu vipo vya distribyuta yenye koili ndani na vya ile yenye koili nje, na kimoja hakikai kwa mwenzake. Mwambie akupigie picha ya alichokipata kabla hajakipakia botini.